Chupa Niliyoichomeka Kwenye Kikapu cha Bi Hadija

Hivi alijua kwamba ni mie?

Swali hilo limeninyima usingizi wiki tatu. Nikilala ubavu wa kushoto ninalo, nikigeukia kulia nalikuta limeshafika kabla yangu. Alijua akaamua kunistahi? Au hakujua, na siku ile aliyonitazama macho kwa macho alikuwa anautazama tu ukuta ulio nyuma yangu?

Nianze kwa kusema kosa ni langu. Si la muuzaji, si la shetani, si la ugumu wa maisha. Nimekosa mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na cheti changu cha chuo kikuu kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Mama yangu sijamwambia. Rafiki wa kumwambia sina. Ndiyo maana nawaambia nyie.

Naishi Tandika, Temeke, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bafu moja uani. Kwetu ni Njombe. Nilikuja Dar kusoma, nikasomea namna ya kuajiri watu na kuwasimamia kazini, nikahitimu vizuri tu. Mwenyewe hakuna aliyeniajiri mpaka leo.

Wenzangu wa chuo wametawanyika. Lile kundi letu kwenye simu, ambalo zamani lilikuwa halipoi, siku hizi linaamka mtu akitangaza harusi au msiba, kisha linalala tena. Kuna siku ilikuwa inafika jioni nagundua sauti yangu sijaitumia tangu asubuhi, ila kumwambia muuza maandazi neno moja, "mawili." Halafu nakaa nawaza, nimelisema vizuri? Mbona aliniangalia vile?

Ndivyo nilivyo. Jambo la mtu mwingine kulifanya dakika moja, mie nalifikiria siku nne.

Chumba kinachotazamana na changu alikuwa anakaa Bi Zuhura na mumewe, mzee Athumani, fundi wa kutengeneza cherehani. Watu wazima, hawakujaliwa mtoto. Mzee akaugua siku chache, akafariki. Nyumba ilijaa watu, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani, baada ya siku kadhaa mikeka ikakunjwa na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Bi Zuhura akabaki ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajifukizi udi, hapaki marashi, hata sabuni anaogea ya mche, ile ya kufulia.

Yeye alifungwa na eda, mie nilifungwa na kukosa pa kwenda. Kuanzia saa tatu asubuhi nyumba nzima tulikuwa tunabaki wawili.

Mwanzoni alikuwa ananituma nyanya na vocha. Baadaye nikawa nakaa kizingitini kwake, yeye ndani, mie nje, tunachambua mchele. Nikimwamkia shikamoo ananiitikia marahaba mwanangu, kisha anaongeza, "Haya msomi, leo umeota nini cha kukutesa?" Maana alishanijua. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu binti hata chumvi hanunui mpaka afanye utafiti. Watu wakicheka, na mie nacheka. Nilikuwa sijachekwa kwa upendo siku nyingi.

Mchana hakuwa ananiuliza kama nimekula. Alikuwa anaweka sahani mbili.

Mtu mwingine wa kumjua kwenye habari hii ni wifi yake, Bi Hadija, dada wa marehemu, anakaa Kigamboni. Nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba kwa miaka mingi hawa wawili hawakupikika chungu kimoja. Bi Hadija alikuwa anataka kaka yake apate watoto, na alishawahi kulisema hilo mbele za watu. Lakini msiba ukawaleta pamoja. Kila Ijumaa Bi Hadija alikuwa anakuja na samaki kwenye kikapu chake cha ukili chenye mkono uliofungwa kitambaa chekundu, wanakaa, wanamkumbuka marehemu, wanalia kidogo, wanacheka kidogo.

Mwezi wa tatu wa eda nilikuwepo pale kizingitini Bi Hadija aliposema, "Ukitoka eda njoo tukae wote. Nyumba nzima ile niko peke yangu, naongea na kuku."

Bi Zuhura alijifuta macho na ncha ya kanga. Wiki iliyofuata akamtaarifu mwenye nyumba kwamba chumba atakiachia, na mwenye nyumba hakuchelewa, akapata mpangaji mwingine wa kuingia mwezi mmoja baada ya eda.

Nilimwambia nimefurahi. Nikaingia chumbani kwangu, nikakaa kitandani, nikautazama mlango wake kupitia upenyo wa pazia. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hiyo sabuni.

Katikati ya eda ya Bi Zuhura niliitwa usaili, ofisi moja kule Mbezi Beach. Mie ngozi yangu ni kavu tangu utotoni, magoti na viwiko vinakuwa vyeupe kama nimetambaa kwenye unga. Nikaanza kuwaza: wakinipa mkono wakaona ngozi imepauka, watasema huyu hata kujitunza hawezi. Kuna dada mmoja anauza vipodozi mtandaoni, alikuwa ameweka picha ya sabuni ya maji ya kuogea, chupa nyeupe, inalainisha mwili, harufu ya nazi na maua. Aliandika kwamba ukiiogea utanukia kama mtu aliyelala hoteli ya ufukweni. Nikaagiza.

Nisiidhulumu. Kulainisha ililainisha kweli. Povu lake zito kama maziwa ya moto, ukimaliza kuoga ngozi inateleza mpaka unasahau kupaka mafuta. Ila harufu yake, jamani!

Haikuwa nazi, wala maua. Ilikuwa harufu ya baridi, kali, inapanda puani kama dawa, kama kufunua sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi. Nilinusa mara ya pili na ya tatu nikidhani pua yangu ndiyo ina matatizo. Nilimwandikia yule dada, akanijibu kwamba hizo ndizo harufu za nje, nitazoea.

Nikaamua kuzoea. Wiki nzima niliiogea, saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshatoka ili nisiwape foleni bafuni. Kizingitini wiki hiyo sikukaa, nilijifungia chumbani kujiandaa na maswali. Siku ya usaili niliiogea mara mbili. Nilipoketi mbele yao, mama mmoja aliyekuwa katikati alikunja uso, akainuka, akafungua dirisha. Waliniuliza maswali nane. Sikumbuki nililojibu hata moja, nalikumbuka dirisha tu. Kazi sikupata. Huenda dirisha halikuhusika, huenda mama wa watu alisikia joto. Lakini nyie mshanijua.

Nikaisukumia chupa nyuma ya ndoo, sikuigusa tena.

Ikafika siku ya Bi Zuhura kutoka eda. Mie Mkristo wa Njombe, mambo hayo nilikuwa siyajui, alinieleza mwenyewe. Wanawake wanakusanyika asubuhi, mjane anaogeshwa na mtu mzima aliyezoea, anavuliwa zile nguo za eda, anavishwa kanga mpya, anafukizwa udi, anapakwa marashi kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe. Wenzake wanamletea vitu vya kumrudisha duniani. Alivyosema hivyo, "kunirudisha duniani," alicheka kwa aibu kama mwari.

Mie sikuwa na kitu. Jana yake nilipanga kununua kanga, nikaanza kuwaza nichague jina gani, maandishi yasije yakamuumiza mjane, nikazunguka soko la Tandika mpaka maduka yanafungwa, nikarudi mikono mitupu. Sizidishi chumvi. Nilishindwa kununua kanga kwa sababu ya kufikiri.

Asubuhi nikiwa nimejiinamia kwa aibu chumbani, macho yakaangukia ile chupa.

Bi Zuhura alikuwa amelalamika mara nyingi kwamba sabuni ya mche imemfanya ngozi kama gamba la muhogo. Nikajiambia, hii inalainisha. Harufu haikunifaa mie, pengine watu wazima wanaipenda. Chupa ilikuwa imepungua, nikaongeza maji kidogo, nikatikisa, nikafuta shingo yake kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Nilijua kabisa kwamba nampa mtu niliyemwita mama kitu nilichokikataa mwenyewe. Nililijua hilo nikaliwekea maneno mazuri juu.

Nilipotoka uani nimeificha ndani ya mtandio, nikakuta wanawake wameshaketi. Juu ya mkeka kulikuwa na doti za kanga, visanduku vya udi, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani, marashi. Vyote vipya, na kila kilichowekwa mwenyewe anatajwa, anapigiwa kigelegele. Nikaanza kuona itakavyokuwa: hiyo nini msomi, mbona kama imefunguliwa?

Kikapu cha Bi Hadija kilikuwa mwisho wa mkeka, kimejaa sabuni na dodoki na taulo jipya. Mwenyewe alikuwa jikoni anageuza pilau. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Niliinama kama mtu anayetengeneza kiatu, nikaichomeka chupa katikati ya vitu vyake.

Mpango wangu ulikuwa kumwambia Bi Zuhura baadaye, tukiwa wawili kizingitini, kwamba ile nyeupe ilikuwa yangu. Yeye ajue, wengine wasijue. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Bibi mmoja wa mtaani ndiye aliyemwogesha. Bibi huyo anavuta ugoro, pua yake ilishastaafu zamani. Alipoingia naye bafuni aliagiza kikapu cha wifi kiletwe, maana ndicho chenye vitu vya kuogea. Sisi tukabaki uani tunasikiliza maji yakimwagwa. Jirani yetu Mama Shufaa, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa eda, akawa anasema akitoka humo tufunge geti, vinginevyo wazee wa Tandika watapanga foleni. Watu wakacheka. Vigelegele vikawa tayari kwenye koo.

Tukasikia kopo limeanguka. Kisha maji yakanyamaza.

Bi Zuhura alitoka na kanga moja imemgandia mwilini, povu bado begani. Hakuwa analia. Akauliza taratibu, "Nani kaniletea harufu ya Athumani?"

Hakuna aliyeelewa. Mama Shufaa akamsogelea amshike, alipofika karibu akarudi nyuma ameziba pua. Akasema, "Karafuu maiti."

Kwa ambao hamjui, kama nilivyokuwa sijui: ni vile vipande vyeupe vyenye harufu kali ya baridi, husagwa vikawekwa kwenye pamba na sanda maiti akishaoshwa. Kwetu hatuna desturi hiyo. Mtu wa pwani akiinusa harufu ile hahitaji kuambiwa, anajua ni mtu anaondoka. Bi Zuhura, siku ya mazishi, aliinamishwa juu ya uso wa mumewe amuage. Hiyo ndiyo harufu ya mwisho aliyoipokea kutoka kwake. Na leo, siku ya kurudishwa duniani, wamempaka mwili mzima.

Bibi wa ugoro akatoka na chupa mkononi, anashangaa, anasema ameitoa kikapuni. Macho ya uani yote yakahamia jikoni.

Bi Hadija alitoka na mwiko. Akaitazama chupa, akasema si yake, hajawahi kuiona. Mama Shufaa akaguna. "Wifi ni wifi," alisema, "hata akikulisha asali, kichunguze kijiko."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Bi Hadija alimgeukia Bi Zuhura. "Zuhura, mie nimekuletea samaki miezi minne. Leo nije nikuletee sanda?"

Bi Zuhura aligeuzia uso ukutani. Hilo ndilo lililomjibu. Bi Hadija aliweka mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, akachukua kikapu chake, akavitoa vitu kimoja kimoja akavipanga kwenye mkeka, akaondoka na kikapu kitupu. Pilau liliungua. Tulilila hivyo hivyo.

Mie nililila pia. Naliandika hilo ili mjue nilivyo.

Kesho yake asubuhi niliiokota ile chupa jalalani nikaificha chini ya kitanda. Nilijiambia naficha isimuumize tena. Uongo. Nilikuwa naficha ushahidi.

Sasa nafika pale nilipowaambia mkumbuke. Bi Zuhura alisema hatakwenda tena Kigamboni, hawezi kukaa nyumba moja na mtu mwenye kisirani cha namna ile. Aliposema vile nilimpa pole, nikashika mkono wake. Na ndani yangu, chini kabisa, kuna kitu kilifurahi. Kilisema: anabaki. Sahani mbili zinabaki.

Hilo ndilo ungamo langu hasa. Chupa ilikuwa ujinga na aibu. Kunyamaza kulikuwa na faida, na mie niliila.

Lakini hakubaki. Mwenye nyumba alikuwa ameshampa mtu mwingine chumba, hakutaka kusikia habari ya kubadilisha. Bi Zuhura akaanza kufunga vitu vyake kwenda Lindi, kwa mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa anaota meno. Mtu mzima, ameishi Dar zaidi ya nusu ya umri wake, anakwenda kuanza ugeni ukubwani. Alikuwa anakunja nguo anasema, "Basi tena, ndivyo ilivyoandikwa." Mie najua mwandishi nani.

Nikaacha kukaa kizingitini. Nilijifanya nina kazi za kuandika maombi. Alikuwa ananigongea na sahani, namwambia nimeshiba. Nilikuwa nasikia kijiko chake kikigonga sahani moja upande wa pili wa ukumbi, na mie naumwa njaa kitandani. Sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku zile za neno moja kwa muuza maandazi. Upweke wa kukosa watu nilikuwa nimeuzoea. Huu ulikuwa wa mtu aliye hatua nne na siwezi kumtazama.

Siku moja alinikuta uani nafua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanieleza jambo ambalo hakumweleza mtu. Kwamba harufu ile haikuanza siku ya kutoka eda. Katikati ya eda, kwa wiki nzima, kila alipoingia bafuni mchana alikuwa anaikuta. Mlango umefungwa, hakuna mtu, harufu ya Athumani imejaa tele. Alidhani anawehuka. Alikuwa anasoma dua, anaogopa kumwambia yeyote, wasije wakasema mjane amepagawa.

"Wewe hukuwahi kuisikia?" akaniuliza.

Alinitazama machoni. Nilikuwa na nguo mkononi, naisugua mahali pale pale.

Nikasema hapana.

Akasema, "Haya." Akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema, "Wewe peke yako nyumba hii hujanifanyia ubaya, mwanangu." Akaingia ndani.

Hivi alijua? Alikuwa ananifungulia mlango nipite mwenyewe? Nimeyapima maneno yale kila upande. Kuna siku naona alijua. Kuna siku naona hakujua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kilichoniamsha hakikuwa wema wangu. Nilimwona anaweka cherehani ya marehemu kwenye gunia, akaitoa, akaifuta vumbi, akairudisha, akaitoa tena. Nikatambua kwamba swali langu lote lilikuwa juu yangu mie. Ananijua, hanijui, atanionaje. Wiki tatu nilikuwa najifikiria tu. Nilikuwa sijajiuliza hata mara moja yule mama atalala wapi Lindi, wala Bi Hadija anawaambia nini kuku wake.

Kwa hiyo mnaosoma, mnisikilize kidogo. Usimpe mtu kitu ambacho pua yako imekikataa, halafu ukaita zawadi. Ukitoa, toa kwa mkono wako na uso wako uonekane. Ukikosea, sema kabla maji hayajakauka mwilini mwa mwenzio, maana neno la siku ya kwanza ni jepesi, la wiki ya tatu lina uzito wa gunia la saruji. Na nyie wenzangu mnaofikiri sana, msidanganyike kwamba kufikiri ni kujutia. Nilifikiri mpaka nikakonda, na hakuna aliyepona kwa kukonda kwangu.

Jumamosi asubuhi niliitia chupa kwenye mfuko, nikapanda pantoni kwenda Kigamboni. Namba ya nyumba sikuwa nayo, niliuliza kwa Bi Hadija wa samaki, watoto wakanipeleka. Alikuwa uani anaparua samaki aina ya changu, magamba yamemrukia mikononi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Niliiweka chupa mbele yake juu ya jiwe, nikamwambia yote, kuanzia usaili mpaka kiatu nilichojifanya natengeneza.

Aliendelea kuparua mpaka samaki akaisha. Akanawa. Akaifungua chupa, akainusa, akaifunga. Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa na majibu ya matusi.

"Mie hukunitukana pembeni," alisema. "Ulinitukana mbele ya watu, kwa kunyamaza. Hiki unachoniambia hapa mie na kuku wangu nitakifanyia nini?"

Akaingia ndani, akatoka amejifunga buibui, ameshika kile kikapu chake. Nikamfuata. Kwenye pantoni alikaa benchi la mbele, mie la nyuma yake, natazama kisogo chake.

Tulikuta Bi Zuhura anafunga godoro kwa kamba uani, Mama Shufaa na wanawake wengine wawili wanamsaidia. Walipomwona Bi Hadija mikono ikasimama. Bi Hadija hakusalimia. Alisogea pembeni kidogo, nikabaki mie mbele yao.

Nilikuwa nimetunga hotuba. Yote ilipotea. Niliitoa chupa nikaishika juu waione.

"Hii ni yangu," nilisema. "Niliichomeka kwenye kikapu cha Bi Hadija, mwenyewe akiwa hayupo. Yeye hakuijua. Na harufu ya bafuni, Bi Zuhura, wiki ile, ilikuwa ni mie naoga."

Mama Shufaa alisogea akainusa chupa, akaziba pua. Bi Zuhura aliniangalia muda mrefu, kamba ya godoro bado mkononi. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kumbe sikuwa nawehuka," akasema.

Alikaa juu ya godoro akalia, kilio kirefu, cha mtu aliyekuwa anakibana tangu bafuni. Hakunitazama tena. Hakuniita mwanangu. Sijui kama ataniita tena siku moja. Lile swali langu la kama alijua sikumuuliza, na sitamuuliza.

Bi Hadija alikaa karibu naye mpaka akanyamaza. Wakasemezana kwa sauti ndogo, sikusikia, wala haikuwa yangu kusikia. Kisha Bi Hadija akainuka, akakunja mikono ya buibui, akashika ncha moja ya godoro. Alitazama huku na huku, wale wanawake wakasogea. Akawakataza kwa kichwa.

"Wewe," akaniambia. "Shika huko. Linakwenda Kigamboni."

Nikashika.